Kichwa cha Mtumbwi Kikiangalia Kongo

Nyumba yangu imepakana na shule. Ukuta wa darasa la wakubwa uko karibu na jiko langu hivi kwamba mwalimu akipiga chafya ni mimi ninayemwombea afya. Mengi ya kule nayasikia bila kutaka: majina ya wafalme wa mbali, mito ya nchi ambazo hakuna hata mmoja wetu atakayezifikia, nyimbo zinazoimbwa kwa pua. Sina neno nayo. Watoto na wasome.

Lakini kuna hesabu moja ambayo huja kila mwaka mvua zikishakatika, nami huitambua kabla mwalimu hajafika katikati yake. Huisoma kwa Kifaransa, kisha akiona macho ya watoto yamelala huirudia kwa Kiswahili. Mtumbwi unapigwa kafi kwa kasi fulani. Upepo unatoka ubavuni, nao unausukuma kwa kasi fulani. Mwenye mtumbwi anataka kufika penye mti ule pale. Je, kichwa cha mtumbwi akielekeze wapi? Halafu nasikia chaki ikichora mishale, mmoja wa kafi, mmoja wa upepo, na wa tatu wa kuiunganisha. Anawaambia kwamba kujua kasi peke yake hakutoshi, lazima ujue na upande inakokwenda. Watoto wananakili. Mimi naacha chungu kiungue.

Mwaka huu sikuvumilia. Nilikwenda dirishani na mwiko mkononi, nikamwambia mwalimu aifute. Ni kijana mwenye adabu, hakunikemea. Alitoka nje akaniamkia vizuri, kisha akasema, "Bibi, usikasirike. Ile iko hesabu tu. Mutumbwi yenyewe haiko."

Hesabu tu! Nilirudi jikoni nikaepua chungu. Nimekaa kuandika haya kwa sababu ya maneno hayo mawili, na kwa sababu mtumbwi wenyewe ulikuwepo. Ulikuwa wetu.

Zamani za Wadachi, yaani Wajerumani, nilikuwa mwanamke niliyeolewa, si mtoto wa kudanganywa na kumbukumbu. Baba yangu alikuwa ametoka Ubwari, ng'ambo ya ziwa, akahamia Rumonge na kuoa mwanamke wa Kirundi kutoka milima ya Kizuka. Huyo ndiye mama yangu. Alisilimu, akajifunza kusuka mikeka kwa majirani zake wa kwanza, na haikupita miaka mingi majirani haohao wakawa wanakuja kununua kwake. Watoto wote wa baba na mama walifariki wadogo isipokuwa mimi. Baba hakuwa na mtoto wa kiume wa kumwachia mtumbwi, basi akanifundisha mimi. Watu walisema. Walisema mpaka midomo ikawakauka. Baba alikuwa na sikio moja bovu, akawa anawageuzia hilo.

Mtumbwi ulikuwa wa gogo moja la mvule, mrefu, mweusi kwa mafuta ya mawese tuliyousugulia kila kiangazi. Baba aliniweka nyuma, penye kafi ya kuongozea, na somo lake la kwanza lilikuwa kunikataza kutazama kichwa cha mtumbwi. Mgeni yeyote wa ziwa hukosea hapo. Anaelekeza kichwa anakotaka kwenda, anapiga kafi kwa bidii, anatoka jasho, anafika kwingine kabisa, halafu anawalaumu majini.

"Kichwa iko ya kupigana na upepo," baba alisema. "Macho ndiyo iko ya kwenda. Weye uchague vitu mbili kule unakwenda, kimoja nyuma ya mwenzake. Uvishikilie."

Ndivyo walivyofanya wapiga kafi wote wa upande wetu. Unachagua, tuseme, mchikichi ulio ufukweni na pengo la mlima lililo nyuma yake. Maadamu mchikichi umekaa ndani ya pengo, unakwenda sawa, hata kama kichwa cha mtumbwi kinaangalia mahali ambapo hujawahi kufika maishani mwako. Mchikichi ukianza kutoka pengoni, ujue upepo unakula njia yako, basi ongeza kichwa upande unakotoka upepo. Ukizidisha, mchikichi utatoka kwa upande wa pili. Hakuna zaidi ya hapo. Sikuhitaji chaki.

Na njia ya Minago ilitaka hayo kuliko njia nyingine yoyote. Ukitoka Rumonge kwenda kaskazini, pana mahali ambapo milima inashuka moja kwa moja hadi majini, mawe matupu, hapana mchanga wa kushukia hata mbuzi. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Mtu akielekeza kichwa Minago moja kwa moja, upepo ule utambeba ubavuni polepole na kumtupa kwenye mawe. Kwa hiyo tulitoka nje, tukageuza kichwa upande wa Kongo, tukapiga kafi kama watu wanaokimbia nchi, na huku tunateleza sambamba na ufuko hadi Minago. Anayetazama kutoka mlimani angeapa kwamba tunakwenda Ubwari kula harusi. Wenyeji walijua. Watoto wa Minago waliona kichwa kinaangalia Kongo, wakakimbia kuwaambia mama zao kwamba wageni wanafika.

Nilipoolewa, mume wangu alikuwa mtu wa mikono mizuri ya kazi na macho mabaya ya njia. Akapiga kafi mbele, mimi nikaongoza nyuma. Watu wakasema tena. Baba alikuwa amekwisha kufariki, nami sikuwa na sikio bovu, nikajifunza kujibu.

Kisha likaja jambo la malale. Sitaki mtu anisome vibaya hapa: ugonjwa ulikuwepo. Tulikuwa tumezika. Tuliona watu wazima wakilala na tonge mkononi, wakiamka na kutukana watoto wao, wakilala tena mpaka wasiamke. Mbung'o alikuwepo vichakani mwa ufuko na aliuma kweli. Wadachi hawakuyatunga hayo. Walichotunga ni namna ya kututendea.

Walipita sokoni wakipapasa shingo za watu. Aliyekutwa na tezi alitengwa upande, akaketishwa chini, na asubuhi iliyofuata akapelekwa kambini. Mama alikutwa na tezi. Hakuwa akisinzia hata kidogo. Alikuwa amesimama na mkeka begani akibishana na mnunuzi, na alikuwa anamshinda. Niliona vidole vya mmoja wao vikitembea shingoni mwa mama yangu kama anachagua parachichi, na mpaka leo nikiona mtu anabonyeza tunda sokoni nageuza uso.

Kambi ilikuwa upande wa pili wa yale mawe, kabla hujafika Minago yenyewe. Njia ya miguu ya ufukweni ilifungwa kwa ajili ya mbung'o, vichaka vikafyekwa na askari wakawekwa. Chakula cha kambini kilikuwa uji usio na chumvi. Ndugu walioruhusiwa kuwapelekea wagonjwa chakula walipewa kibati chenye alama, kikapigiliwa misumari kwenye mtumbwi. Sisi tulipewa. Na mpiga mbiu alipita Rumonge nzima akitangaza kwamba mtumbwi wowote utakaovuka kwenda Kongo utavunjwa, kwa kuwa ugonjwa unavuka na mitumbwi. Tulisikiliza, hatukuona neno. Hatukuwa tunavuka.

Tulimpelekea ndagala wa kukaanga, muhogo, mawese, na kuti la kusukia. Alipigwa sindano. Mara ya kwanza tulipofika, alilalamika mkono. Baadaye alianza kulalamika kwamba siku za kambini zina ukungu. Nilitazama juu, jua lilikuwa kali la kupasua kichwa. Nilichukua mkeka aliokuwa anausuka nikaona mistari imepinda, mama yangu, ambaye mistari yake ungeweza kuiwekea mzigo wa mayai isitikisike. Sikumwambia. Kambini walikuwepo wengine wa namna hiyo, wamekaa wameelekeza nyuso juani bila kufumba macho. Sindano zile ziliwaua vidudu wa malale kwa baadhi yao, labda. Macho waliyaua pia.

Alipokuwa haoni kabisa, tulifika akanitambua kwa namna ninavyopiga kafi kwenye kina kifupi. Alinishika kiganja akakipapasa chote.

"Mwana wanje," aliniambia, "munitoe hapa. Mimi naisha. Sitaki kuisha kati ya watu hawanijui. Uniogeshe weye. Mikono ingine siitaki."

Kwetu binti ndiye humwosha mama yake akifa. Hilo si jambo la kujadili, na hakuwa akiomba kupona. Nilikwenda kwa nyapara wa kambi, mtu wa kwetu, nikamsihi. Akaenda kuuliza kwa wakubwa wake, akarudi akasema waliokwisha kupofuka hawana faida tena kambini, ndugu wanaweza kuwachukua. Nije siku ya soko, naye atamteremsha ufukweni na furushi lake. Nilimshukuru yule nyapara kwa Kirundi na Kiswahili, nikampa ndagala wote waliobaki.

Siku hiyo ilipofika, nilitandika mkeka wake mwenyewe katikati ya mtumbwi, na juu yake nguo mbili za kumfunika jua. Mume wangu akakaa mbele. Upepo ulianza mapema, wenye nguvu, maji yanapasuka meupe. Nikatoka nje kuliko kawaida. Nikaelekeza kichwa Kongo, si kidogo, kabisa, kwa sababu upepo ulikuwa unadai hivyo. Tulipoyapita mawe nikaona mlingoti wa bendera ya kambi, na nyuma yake pengo la mlima. Ndizo alama nilizochagua. Ziliposhikana nikasikia raha kifuani, maana nilijua sasa hakuna cha kuniondoa kwenye mstari ule. Kwa mbali niliuona mchanga wa kambi na vitu vidogo vyeusi vilivyokaa pale. Mmoja wao ni mama, nilijua.

Mlima ule uliokuwa juu ya mawe ulikuwa na askari mwenye darubini. Hakuwa mtu wa ziwa. Alitoka nchi ya nyasi huko mbali, ambako kitu kikielekeza kichwa mahali, ng'ombe, mbuzi, mwizi, basi kinakwenda hapo. Aliona kibati? Hapana. Aliona alama zangu mbili? Hapana. Aliona kichwa cha mtumbwi kikiangalia Kongo. Akapiga bunduki juu.

Mashua ya serikali ilitoka nyuma yetu na wapiga makasia wengi. Mume wangu alitaka tuendelee. Mimi pia nilitaka, Mungu anajua nilivyotaka, mchanga ulikuwa pale. Lakini walitulenga bunduki, nasi tukanyanyua kafi. Mtumbwi ulipoachwa bila kafi upepo ukaanza kuusogeza kwenye mawe, na askari wakacheka wakisema tazama sasa hata kukimbia hawajui. Walitufunga kamba nyuma ya mashua yao, wakatuvuta kurudi Rumonge.

Mdachi aliyesimamia ufuko wetu alikuwa kijana, hajafika umri wa mume wangu. Alikuwa amejifunza Kiswahili, kile cha vitabuni, kila neno limepigwa pasi. Alitukalisha mchangani mbele ya mtumbwi wetu, watu wakajaa. Akauliza tulikuwa tunakwenda kufanya nini Kongo. Mume wangu alisema hatukwenda Kongo, akaonyesha kibati. Askari akasema alikiona kichwa cha mtumbwi kwa macho yake. Mume wangu akarudia kwamba hatukwenda Kongo. Askari akarudia kuhusu kichwa. Nikaona tutakaa hapo mpaka jua lichwe na mama yuko mchangani.

Nikasema. Mume wangu alininong'oneza, "Nyamaza, mwanamuke, utatuuwisha," nikamwambia anyamaze yeye. Nilimweleza Mdachi habari ya upepo, habari ya mawe, habari ya kichwa na macho. Nilieleza vibaya kwa sababu nilikuwa na haraka na hasira, na kwa sababu jambo ulilolifanya tangu utotoni huna maneno yake. Niliweka kafi chini kuonyesha mtumbwi, na kiganja changu nikakifanya upepo. Watu wetu waliitikia, wakisema ego, ego, ndivyo ilivyo.

Mdachi alinisikiliza. Sitamnyima hilo, alinisikiliza kuliko mwanaume yeyote wa Rumonge aliyewahi kunisikiliza. Kisha akainama, akaokota kijiti, akachora mchangani. Alichora mstari kutoka Rumonge kwenda upande wa Kongo na kuutia ncha kama mshale. "Hii kafi yenu," akasema. Akachora mwingine mfupi, kuanzia kwenye ncha ya ule, kuja nchi kavu. "Huu upepo." Halafu akaunganisha mwanzo wa mshale wa kwanza na mwisho wa ule wa pili, na mshale wa tatu ukaenda sambamba na ufuko, mpaka pale pale alipokuwa ameweka jiwe dogo kuwa kambi. Alifanya haraka, bila kufikiri, kama mtu anayeandika jina lake.

"Mlikuwa mnakwenda kambini," alisema. "Wewe mwanamke unasema kweli."

Nitalisema hili ingawa linanichoma: kwa dakika ile nilimpenda yule mtu. Machozi yalinitoka. Nilidhani tabu yote ya dunia ilikuwa kutoeleweka, na sasa nimeeleweka. Niliokota kafi yangu. Nilikuwa nimekwisha kuinuka.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.

"Askari wangu haoni upepo," alisema, bado kijiti mkononi, bado kwa upole uleule. "Anaona kichwa cha mtumbwi. Siwezi kumfundisha kila askari hesabu hii. Nikikuachia wewe, kesho kila anayevuka atasema ni upepo. Ni rahisi zaidi mitumbwi ibadilike. Tangu leo, mtumbwi uelekeze kichwa unakokwenda. Kichwa kikiangalia Kongo, mtumbwi umekwenda Kongo."

Nilimwuliza, "Na upepo, Bwana, nao utabadilika?"

Watu walicheka, wachache. Mdachi alinitazama. Hakukasirika. "Upepo si kazi yangu," alisema. Akafuta mishale kwa kiatu, akaamuru mtumbwi uvunjwe.

Nilianguka miguuni pake. Nilimwambia habari ya mama, kwamba yuko ufukweni sasa hivi, kwamba ni kipofu, kwamba ni wao waliosema tuje kumchukua. Nilimwambia avunje mtumbwi kesho, aniache leo tu niende nikamchukue, kisha auvunje na mikono yangu juu yake kama anapenda. Alisema atapeleka habari kambini kwamba tumechelewa. Tumechelewa! Kana kwamba nilikuwa nimelala.

Walimpa mume wangu shoka. Ndivyo walivyopenda kufanya, mwenye kitu akivunje mwenyewe. Alisita kwa mapigo ya kwanza, kisha akapasua kama anayepasua kuni, haraka, apate kumaliza. Nilimchukia kwa haraka ile. Baadaye sana nilielewa kwamba alikuwa akiogopa nitamrukia yule Mdachi kama kazi ingechukua muda, na kweli ningemrukia. Mvule haupasuki kwa urahisi. Mafuta ya mawese ya miaka yote yalitoka kwenye nyufa, harufu ikajaa ufuko. Mdachi alikibandua kile kibati akakitia mfukoni.

Nilikwenda nyumba hadi nyumba kuomba mtumbwi. Siku ile nilimlaumu kila mmoja aliyenikatalia, lakini sasa siwalaumu. Walikuwa wamesikia amri mpya kwa masikio yao. Kupita karibu na mawe kichwa kimenyooka ni kujitoa mhanga, kupita nje kichwa kimegeuka ni shoka. Wengine walisema tungoje upepo ufe. Upepo wa kiangazi haukuwa na mpango wa kufa.

Basi nikaenda kwa miguu. Si kwa ufuko, uliofungwa, bali kwa nyuma, juu ya Kizuka, kwa ndugu za mama, mgongo wa mlima hata mgongo wa mlima. Niwaambie wanafunzi wa yule mwalimu jambo moja wanaloweza kunakili: kutoka Rumonge mpaka kambi ile mtu anaweza kutembea kwa kasi yote aliyo nayo, akikimbia penye tambarare, na bado asisogee, kwa sababu njia inakwenda juu na ndani na kuzunguka, na kila hatua inampeleka mahali asipotaka. Kila nilipofika juu ya kilima nililiona ziwa na nikauona mlingoti wa bendera, na kila niliposhuka nilikuwa mbali nao zaidi. Kasi nilikuwa nayo. Mguu mmoja ulipasuka ukucha, nikafunga kitambaa. Mashangazi wa mama walitaka nilale kwao, nikawatukana, wazee wale, kisha nikarudi kuwaomba maji.

Nilipofika kambini, mama alikuwa amezikwa. Nyapara yule hakuweza kunitazama. Alinionyesha mahali, mchanga bado haujakauka. Niliuliza nani amemwosha. Alisema hapa hawaoshwi, wanawekwa chokaa. Nilimpiga kofi. Alikubali kofi lile, akabaki amesimama, na hilo lilinitia hasira zaidi, kwa sababu yeye hakuwa yule niliyetaka kumpiga.

Kulikuwa na mwanamke aliyetoka Muhuta, mgonjwa, ambaye jicho lake moja lilikuwa linaona bado. Ndiye aliyelala karibu na mama. Alinivuta pembeni, akanikalisha, akanisimulia siku ile ilivyokuwa kwa upande wao.

Nyapara alimteremsha mama ufukweni mapema. Mama alikuwa ameoga. Alikaa juu ya furushi lake. Yule mwanamke akakaa naye awe macho yake. Mchana walipoona mtumbwi umetokeza nje ya mawe, wagonjwa walipiga kelele kwamba kuna mtumbwi, kisha wakasema aa, si wetu, huo unakwenda Kongo. Mama akauliza, "Kichwa inaangalia wapi?"

"Kongo kabisa," yule mwanamke alimwambia. "Imegeuka, haitufikii."

Mama alicheka. Yule mwanamke alisema hakuwahi kumsikia akicheka kabla ya hapo. "Kama iko Kongo kabisa, iko mutoto wangu," alisema. "Leo upepo iko kali. Anakuja hapa hapa. Munipe furushi nisimame."

Wakamsimamisha. Akaweka furushi kichwani. Alisimama hivyo, uso umeelekea ziwani, akiwaambia wenzake kwamba mtoto wake hakosei, wamwone atakavyotua miguuni pake. Waliokuwa wanaona walianza kuamini, kwa sababu kweli mtumbwi ule, na kichwa chake huko Kongo, ulikuwa unawakaribia. Walianza kuwaona watu wawili ndani yake. Kisha bunduki ikalia, mashua ikatoka. Mama akawa anauliza wamefika wapi, na hakuna aliyemjibu.

Mwishowe aliuliza tena, "Sasa kichwa inaangalia wapi?"

Yule mwanamke hakujua kudanganya. "Rumonge," alisema.

Mama akauliza kama kimepinda kidogo, upande wowote, kidogo tu.

"Oya, hapana," alimjibu. "Imenyooka. Wameifunga kamba."

Mama akalitua furushi, akaomba wamrudishe ndani.